Huyo Aitwa Nani?

Picha ya kwanza niliyopiga katika Makumbusho ya Misri ya Turin nilimtumia mjomba wangu, Ganze, kaunti ya Kilifi. Sikufikiri sana. Nilikuwa nimetoroka kikao cha mwisho cha mkutano ulionipeleka Italia, nikakata tiketi, nikapanda ngazi za umeme hadi juu ambako ziara huanzia, na muda si muda nikaona kundi la watu wamezunguka sanduku la kioo. Nikajipenyeza. Nikapiga. Nikatuma.

Ndani ya kioo mlikuwa na mtu. Amelala ubavu, magoti ameyakunja, mikono ameileta usoni kama mtoto aliyeshikwa na usingizi huku anasikia baridi. Ngozi yake imekaukia mifupani. Watu walikuwa wanasogea, wanainama, wananong'ona, wanaondoka. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mjomba amepita miaka sabini na simu yake ni ya kusikiliza habari za matanga na kuuliza kama kumenyesha huko niliko. Jibu lake lilikuja kwa sauti, maana kuandika kwenye simu anasema ni kazi ya vijana.

"Nimemuona, mpwa wangu. Huyo aitwa nani?"

Nikarudi kwenye maelezo nikayasoma vizuri. Mtu huyu alifariki takriban kati ya mwaka 3700 na 3500 kabla ya Kristo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani mchanga wa jangwa ndio uliomkausha wenyewe, bila mkono wa mtu. Kisha mwaka 2018 ukatoka utafiti ulioonyesha kwamba alipakwa mafuta na utomvu wa miti, kwa ustadi uleule ambao mafundi wa mumia wangeutumia miaka elfu mbili na zaidi baadaye. Kwa hiyo kuna watu walioketi naye baada ya kufa wakamhudumia. Lakini jina hana. Alikufa kabla watu wake hawajaanza kuandika majina.

"Hana jina, mjomba. Ni wa zamani sana, kabla ya maandishi."

Kimya kidogo. Halafu: "Basi mwamuangalia tu?"

Ziara yangu yote ya saa nne iliharibiwa na swali hilo, au labda ndilo lililoifanya iwe ziara. Nataka kuyahukumu makumbusho haya kwa kipimo cha mjomba. Sitauliza kama yamepangwa vizuri, maana hilo kila mgeni anayetoka pale atakuambia. Nitauliza kama yanatuacha tufanye lolote na watu waliomo ndani yake zaidi ya kuwaangalia.

Kwanza tujue tuko wapi. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1824, wakati mfalme Carlo Felice wa ukoo wa Savoy aliponunua mkusanyiko wa Bernardino Drovetti, mzaliwa wa Piedmont aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa nchini Misri. Leo yana vitu takriban 40,000, na hakuna makumbusho mengine nje ya Misri yanayoshughulikia Misri ya kale peke yake kwa kiwango hicho. Mwaka 2024 yalitimiza miaka 200, yakafanyiwa ukarabati mkubwa. Maelezo makuu yameandikwa kwa Kiitaliano, Kiingereza na Kiarabu. Hilo la Kiarabu si dogo: mwaka 2018 makumbusho yalipotoa tiketi mbili kwa bei ya moja kwa wanaozungumza Kiarabu, wanasiasa wa mrengo wa kulia walikuja kupiga kelele mlangoni, na mkurugenzi Christian Greco akatoka kujibizana nao barabarani. Kwa hiyo siwezi kusema watu hawa hawajawahi kujiuliza mali hii ni ya nani.

Shida yangu ni neno moja: sanaa. Tunasema "sanaa ya Misri ya kale" na ulimi hauteguki. Lakini kazi nyingi zilizomo katika vyumba hivi hazikuchongwa ili zitazamwe. Ziliwekwa katika chumba kilichofungwa, gizani, mlango ukajengewa ukuta, na kama mambo yangekwenda walivyotaka wenyewe, wewe na mimi tusingeziona milele. Mchongaji wa sanamu kwa lugha yao alikuwa na jina lenye maana ya "anayehuisha". Sanamu ikimalizika ilifanyiwa ibada ya kufunguliwa mdomo, ibada ileile aliyofanyiwa maiti, ili iweze kupumua, kula na kusema. Na ndiyo maana ukitembea katika makumbusho yoyote ya Misri unaona pua nyingi zimevunjika. Nyingine ni ajali za miaka, lakini nyingine zilivunjwa kwa kusudi: aliyetaka kumuua mtu mara ya pili aliikata pumzi ya sanamu yake.

Kisha kuna maandishi. Tunazoea kuyaona kama mapambo, ndege na macho na nyoka wamepangwa safu. Lakini sehemu kubwa ya maandishi ya makaburini ni maombi, na mengine yanakusemesha wewe moja kwa moja, wewe uliye hai na unayepita. Yanakuomba utamke jina la marehemu na useme apate mikate, pombe, nyama ya ng'ombe na ya ndege, na kila kilicho chema. Huombwi kuleta mkate wenyewe. Unaombwa pumzi tu, kusema kwa mdomo, na kusema hakugharimu kitu. Waliamini kwamba mwili unaweza kuharibika na sadaka zinaweza kukoma watoto wakisahau, lakini jina likitamkwa, mtu yupo.

Mwafrika Mashariki akisikia hivyo hashangai. Sisi ni watu wa kumpa mtoto jina la babu ili babu asipotee. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia wetu kutoka Ukambani, alilieleza jambo hili mwaka 1969 kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki mara moja katika sasa. Anaendelea kuwa marehemu aliye hai maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Siku mtu wa mwisho anayelijua jina hilo anapoondoka, ndipo anapozama zamani moja kwa moja. Simaanishi kwamba Wamisri wa kale walikuwa Wakamba au Wagiriama. Nimechoka na mijadala ya mitandaoni inayotaka kila firauni awe babu yetu. Ninachosema ni kwamba swali la mjomba lingeeleweka vizuri kabisa Thebes miaka elfu tatu iliyopita, kuliko linavyoeleweka katika foleni ya watu wenye simu.

Basi nikaenda kutafuta mwenye jina. Nikampata Kha.

Kha alikuwa msimamizi wa ujenzi wa makaburi ya wafalme, yapata mwaka 1400 kabla ya Kristo, enzi za Amenhotep wa Pili, Thutmose wa Nne na Amenhotep wa Tatu. Aliishi Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya Bonde la Wafalme. Mkewe aliitwa Merit. Kaburi lao lilipatikana mwaka 1906 na Ernesto Schiaparelli, mkurugenzi wa makumbusho haya wakati huo, likiwa halijaguswa na wezi. Humo mlikuwa na vitu zaidi ya 400, na karibu vyote viko hapa, katika chumba kimoja.

Nimeona makumbusho mengi yanayonipa dhahabu. Haya yalinipa nguo za ndani. Kha alizikwa na makumi ya nguo za ndani za kitani, zimekunjwa, na nyingi zina alama yake iliyotiwa pembeni, kama tulivyokuwa tunaandika majina kwenye mashuka tukienda bweni ili dobi asichanganye. Kuna mikate. Mikate halisi, imekauka, ina maumbo tofauti, mezani. Kuna vitunguu, kitunguu saumu, bizari, zabibu. Kuna matunda ya mti wa jamii moja na mkoma wetu wa pwani, ule tunaosukia mikeka, na tunda lake kwa Kiswahili ni koma. Nilisimama hapo nikatabasamu peke yangu, kwa sababu kwa Kigiriama koma ni roho za wazee waliotangulia, wanaokula nasi. Ni mgongano wa maneno tu, lakini mtu akiwa mbali na kwao hushikilia hata hayo.

Kuna kitanda cha Merit kimetandikwa. Kuna wigi lake lenye misokoto, na sanduku refu lililolihifadhi. Kuna ubao wa mchezo wa senet wenye droo ya kuwekea kete. Kuna kiti chenye tundu katikati, na kazi yake unaijua. Kuna vipimo vya fundi, kimoja ni cha mbao kinachokunjwa, na kingine kimefunikwa dhahabu, zawadi ya mfalme kwa mtumishi wake. Hicho cha dhahabu hakina hata mkwaruzo, maana si cha kazi. Cha kukunjwa ndicho cha kazi. Fundi yeyote wa Gikomba angejua tofauti bila kuambiwa.

Halafu kuna majeneza, na hapo ndipo nilipokaa chini. Merit alitangulia kufa, na inaonekana kifo kilikuja ghafla, kwa sababu jeneza lake halikuwa tayari. Kha akampa lake. Jeneza alilolazwa Merit limeandikwa jina la Kha, na ni kubwa kuliko mwili wake, hivyo nafasi iliyobaki ikajazwa vitambaa. Usoni akavishwa barakoa ya dhahabu. Hakuna mwandishi wa Misri aliyetuachia shairi juu ya msiba wa mwanamume huyu. Hatuna barua yake. Tuna ushahidi mmoja tu, kwamba mtu aliyejitengenezea nyumba ya milele alimpisha mkewe aingie kwanza, kisha akaanza kujitengenezea upya. Baadaye naye akazikwa hapo hapo kando yake.

Miili yao haijawahi kufunguliwa. Schiaparelli aliwaacha katika sanda zao, na waliokuja baada yake wakaheshimu hivyo hivyo. Mashine za eksirei zimewapitia zikaonyesha mikufu na hereni walizovaa, lakini hakuna mkono uliowavua. Katika historia ya mambo ya Misri, ambako matajiri wa Ulaya walikuwa wakialikana kwenda kutazama mumia akifunuliwa kama onyesho la jioni, huo ni utu ambao lazima niutaje.

Na majina yako kila mahali. Kha kwenye sanduku, Kha kwenye kiti, Kha kwenye nguo, Merit kwenye vitu vyake. Kuna sanamu ndogo ya mbao ya Kha, urefu wake kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, ilikutwa imesimamishwa juu ya kiti na shada la majani na maua likiwa bado liko mwilini mwake. Kuna karatasi ya mafunjo ya urefu wa karibu mita 14, kitabu cha kumwongoza safarini kuzimu, na ndani yake Kha na Merit wamechorwa pamoja. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nimempata mwenye jina."

"Marahaba. Nani?"

"Kha. Na mkewe Merit."

Akayarudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Kha. Merit." Kisha akaniuliza kazi ya mume, na watoto wao, nikamwambia walikuwepo wawili wa kiume na mmoja wa kike aliyeitwa jina la mama. "Ehe," akasema, na nikajua kwake mambo sasa yamekuwa mambo.

Chumba hiki ndicho kazi bora ya makumbusho yote, na ubora wake hautokani na taa wala vioo. Unatokana na kutotenganisha. Kwingineko mikate ya Kha ingewekwa katika kabati la mikate ya Misri, wigi likaenda kwa mawigi, jeneza kwa majeneza, na wewe ungejifunza mengi juu ya mikate bila kukutana na mtu. Hapa wamekubali kwamba vitu 400 ni sentensi moja na mwenye sentensi ana jina. Ukitoka hapo huulizi Wamisri walikuwa watu wa namna gani. Unauliza Kha aliishi miaka mingapi baada ya Merit.

Deir el-Medina ina mengine ya kutuambia. Makumbusho haya ndiyo yanayohifadhi mafunjo yanayosimulia mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao historia imeuandika. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, zaidi ya miaka 200 baada ya Kha. Mafundi wa kijiji kilekile walikuwa hawajapewa mshahara wao, ambao ulikuwa nafaka. Wakaweka zana chini, wakapita vituo vya ulinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Waliwaambia wakubwa kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta, kwamba hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, na wakataka habari zao zifikishwe kwa mfalme mwenyewe. Wakapewa sehemu, wakarudi kazini, wakagoma tena. Msomaji wa Kenya, ambaye amezoea kuona walimu na madaktari wakiahidiwa, wakirudi kazini, na wakitoka tena barabarani, hahitaji mtaalamu wa kumfasiria mafunjo hayo. Anahitaji tu kujua kwamba waliojenga makaburi ya dhahabu walikaa chini kwa sababu ya unga.

Nilikuwa na habari hizo kichwani nilipoteremka kwa wafalme.

Ukumbi wa sanamu za wafalme ndio uliobadilishwa zaidi mwaka 2024. Tangu 2006 ulikuwa wa giza na vioo, kazi ya Dante Ferretti, mtengenezaji wa mandhari za filamu, sanamu zikichomoza kwenye kiza kama waigizaji. Sasa madirisha yamefunguliwa, mwanga wa mchana umeingia, na sanamu zimeshushwa zikaribiane na kimo cha binadamu. Waliofanya hivyo walikuwa na hoja nzuri: nyingi kati ya hizi zilisimama katika nyua na kumbi za mahekalu, ambako jua liliwafikia. Tofauti na za Kha, hizi zilitengenezwa zionekane, angalau na makuhani na watu wa sherehe.

Mwanga huo unazitendea haki. Ramesses wa Pili ameketi pale, amevaa taji la buluu ambalo katika jiwe jeusi halina buluu, fimbo mkononi, kichwa ameinamisha kidogo kama anayemsikiliza mwombaji. Kando ya miguu yake yuko mkewe na mwanawe, wadogo kiasi kwamba watu wengi wanapita bila kuwaona. Vidole vya miguu ndani ya ndara vimechongwa kwa namna ambayo unatamani kuvigusa. Siwezi kukana uzuri. Nilizunguka mara tatu.

Lakini kwa kipimo cha mjomba, hapa ndipo makumbusho yanapoteleza. Kuna sanamu 21 za Sekhmet, mungu mwenye kichwa cha simba jike, zilizochongwa kwa amri ya Amenhotep wa Tatu, ambaye aliagiza mamia yake. Ni nyingi, ni kubwa, na zikipangwa safu zinatisha vizuri. Watu wanapiga picha katikati yao. Lakini zilikuwa sala: mfalme akiomba hasira ya mungu wa maradhi itulie. Katika ukumbi huu sala imegeuka mandhari. Wafalme wana majina kuliko mtu yeyote wa Misri, wameyaandika mpaka kwenye mikanda yao, lakini huambiwi ufanye nini na jina hilo. Kibao kinakupa nasaba, aina ya jiwe na mahali lilipotoka. Natamani pangekuwa na mstari mmoja tu: hapa pameandikwa hivi, husomwa hivi, na huyu anakuomba hiki. Nilimwona mama mmoja akimsomea mtoto wake maelezo ya sanamu neno kwa neno. Mtoto akauliza kitu, mama akacheka, wakaendelea. Sijui Kiitaliano cha kutosha kujua aliuliza nini, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuamkia.

Sasa nifike pale ambapo tangu mwanzo nilikuwa nazunguka.

Vitu vimefika Turin kwa njia zaidi ya moja. Sanamu nyingi za wafalme zilinunuliwa, mkusanyiko wa Drovetti. Kaburi la Kha lilichimbuliwa kwa kibali, na Gaston Maspero, Mfaransa aliyesimamia Idara ya Mambo ya Kale ya Misri, akaruhusu karibu kila kitu kiondoke isipokuwa vitu vichache. Misri wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Na kuna hekalu dogo la Ellesyia, lililochongwa mwambani Nubia enzi za Thutmose wa Tatu, ambalo Misri iliipa Italia kwa hiari, shukrani ya msaada wakati bwawa la Aswan lilipokuwa linazamisha Nubia. Lilikatwa vipande, likajengwa tena humu. Kununuliwa, kugawiwa, kutunukiwa. Historia hiyo inasimuliwa mwanzoni mwa ziara. Ila ukifika mbele ya kitanda cha Merit umeshaisahau, na chumba kilivyo kizuri kinakusaidia kusahau.

Kwetu tunajua njia ya nne. Wagiriama na Wamijikenda wengine humchongea kigango mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu. Ni nguzo ya mti mgumu yenye kichwa, imekatwa nakshi za pembetatu, inasimikwa bomani, inavishwa kitambaa, inamwagiwa mnazi. Haitolewi mahali pake. Boma likihama, kigango kinabaki kilipo hadi kiliwe na mchwa, na kuliwa huko ni sehemu ya kazi yake. Kuanzia miaka ya 1970 viling'olewa usiku kwa mamia vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Vingi vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye akavitambua, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarudishwa Kenya katika miaka ya 2006 na 2007. Mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Kigango cha babu yangu mzaa mama hakikupata picha. Ninachokumbuka, nikiwa na miaka sita au saba, ni shimo. Mjomba hakulifukia. Kila mvua ilipolijaza mchanga, alilichimbua tena kwa jembe, pole pole, bila kusema neno. Huenda kigango hicho kiko nyumbani kwa mtu karibu na runinga. Huenda kiko katika kabati lenye taa nzuri na kibao kinachosema: nguzo ya ukumbusho, Afrika Mashariki, mbao. Na watu wanainama, wananong'ona, wanapita. Jina lake hawalijui, na kwa vile hakuna aliyeliandika juu ya mbao, hata wakitaka hawawezi.

Ndiyo maana siwezi kukihukumu chumba cha Kha kwa moyo mwepesi. Ni chumba bora cha makumbusho nilichowahi kuingia. Wana ndoa hawa wametunzwa pamoja, hawakuvuliwa, majina yao yanatamkwa na wageni wa kila lugha, na kama walivyoamini ni kweli, basi wanaishi kuliko wafalme wengi. Hata nguzo ya jiwe iliyosimama katika kanisa lao dogo juu ya kilima, ambamo ndugu walileta sadaka, ilikuwa imeshafika Turin na mkusanyiko wa Drovetti miaka 80 kabla yao, ikawasubiri. Anayetaka kutetea makumbusho hawezi kupata hadithi nzuri zaidi. Na hapo ndipo hatari ilipo. Makumbusho mabaya yanakuudhi, unatoka unauliza maswali. Mazuri yanakupoza.

Nilimweleza mjomba haya yote jioni ile nikiwa hotelini, mikate, jeneza, nguo zenye alama. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimsifu Kha kwa lile la jeneza, akasema huyo alikuwa mume. Halafu akauliza, "Na kule kwao, pale walipotolewa, pana nini sasa?"

Nikasema kaburi lipo, tupu.

"Ni shimo basi."

"Ni shimo, mjomba."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa nalo.

Ukibahatika kupita Turin, nenda. Nasema hivyo bila kusita. Panga saa nne, anza na yule asiye na jina, usikimbilie kwa wafalme. Ukifika kwa Kha na Merit, weka simu mfukoni kwanza, uwataje, na umtakie kila mmoja mkate, hata kama ni kwa kunong'ona na mlinzi anakutazama. Ndicho walichoomba, na hakigharimu kitu. Lakini ukishawataja, usidhani umemaliza deni. Kutaja jina la mtu ni mwanzo wa mazungumzo, na kitu cha pili ambacho watu hulizana, kwetu na nadhani kwao pia, ni: kwenu ni wapi?